MX-5 yenye turbo inachemsha uwanjani: nihamishe njia ya maji nyuma ya hedi, au tatizo ni tanki?

#1 Bolti_Kumi (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Nina Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, injini ya 1.8, imefungwa turbo. Barabarani haina neno, hata kwenye foleni. Nikiingia uwanja wa mbio, mizunguko ya mwanzo geji ya joto inakaa nyuzi 92, kisha inaanza kupanda taratibu: 100, 105, na nikiona 110 naachia mguu. Nikipaki, maji yanasukumwa kwenda kwenye chupa ya akiba, na injini ikipoa hayarudi yote. Asubuhi nakuta rejeta imepungua na chupa imejaa.

Rejeta ni mpya, ya alumini, nene kuliko ya kiwandani. Feni mbili. Mfuniko ni wa presha ya 0.9 bar.

Nimepanga kufanya mambo mawili kwa mpigo: themostati (valvu inayofungulia maji kwenda rejetani yakipata moto) na mpira wa juu vihamie nyuma ya hedi, yaani kile kichwa kinachofunika silinda, na chupa ya akiba itoke, niweke tanki la presha la alumini. Msimamo wangu ni kwamba silinda ya nne, ya nyuma kabisa, inakosa maji na mengine yote ni matokeo yake. Kabla sijakata mpira wowote, nipingeni kwa hoja.

#2 FundiGeji
Nakuunga mkono, na historia ya hiyo injini inakuunga mkono pia. Ukoo wake ni wa Mazda 323, gari ambalo injini imelala kukatiza mbele. Kule maji yanaingia upande wa pampu, yanapita silinda zote nne, yanatokea mwisho wa pili, upande wa gia. Njia moja, safi kabisa. Ilipogeuzwa kwa ajili ya MX-5 mwaka 1989, ule mwisho wa pili ukawa umeelekea ukuta wa kabati, ule unaotenga injini na abiria, hakuna nafasi ya mpira mkubwa. Wakahamishia tundu la kutokea mbele. Sasa maji yanaingia mbele na kutoka mbele, na nyuma kumebaki tundu la heta tu.

Kwa gari ya kiwandani inatosha. Ukishaongeza turbo, silinda ya nne ndiyo inaanza kugonga, yaani mafuta kulipuka ovyo kwa joto, kabla ya wenzake. Nimefungua hedi za hizi gari zilizochoka, na chumba cha nyuma ndicho huwa na dalili za kugonga: vidoadoa kwenye kichwa cha pistoni, ukingo umechakaa. Hamisha, usisite.

#3 Kipima_Joto
Mkuu #2, historia iko sawa, ila nyuma si kukavu. Matundu ya gasketi ya hedi ndiyo yanagawa maji kati ya mbele na nyuma, na Mazda wenyewe walibadilisha matundu hayo kwenye injini za 1.8 kuanzia 2001 ili nyuma papate zaidi. Kuna watu wanafunga gasketi hiyo kwenye injini za zamani, wanaacha mipira ilipo.

Hoja yangu kubwa ni hii. Kuhamisha njia ya maji kunasawazisha joto kati ya silinda na silinda. Hakuondoi joto kwenye gari. Joto linaondoka kwa rejeta peke yake. Geji inayopanda polepole mzunguko hadi mzunguko inasema injini inazalisha joto kuliko rejeta inavyoweza kulitupa. Hata silinda zote zikiwa sawa sawa, zitafika 110 pamoja.

Mleta uzi, sensa ya hiyo geji imefungwa wapi?

#4 Rotari13B
Mimi natoka upande wa Mazda RX-7, kizazi cha tatu, kwa hiyo habari za matanki nazijua vizuri. Kule kiwandani waliweka tanki dogo la plastiki la kutenganisha hewa na maji, na plastiki hiyo inajulikana kwa kupasuka ikizeeka. Wengi wetu tumeweka la alumini.

Watu wanachanganya vitu viwili hapa. Chupa ya akiba haina presha. Inapokea maji yanayovuka mfuniko, na injini ikipoa maji yanavutwa kurudi. Tanki la presha liko ndani ya mzunguko wenyewe, mfuniko uko juu yake, na ndilo linatakiwa kuwa sehemu ya juu kuliko zote. Hewa inapanda humo, maji yanashuka chini kwenda kwenye pampu.

Ukihamisha njia ya maji bila tanki hilo, mpira mrefu utapanda kutoka nyuma ya hedi kisha ushuke kuelekea rejetani. Pale kwenye mgongo hewa inakaa, na hutaitoa kwa kufungua mfuniko wa rejeta, maana mfuniko uko chini ya mgongo. Mimi naanza na tanki. Mipira baadaye.

#5 Mpenda_Mwendo
Mnazunguka. Maji yanapita rejetani haraka mno, hayapati muda wa kupoa. Weka kizuizi chenye tundu dogo mahali pa themostati, yapite polepole. Wazee wa mashindano wamefanya hivyo miaka na miaka.

#6 DadaFizikia
#5, hapo sikubaliani nawe kabisa, na hesabu ni fupi. Chukua injini inayotupa kilowati 50 kwenye maji. Pampu ikipitisha lita 100 kwa dakika, maji yanaingia rejetani na kutoka yakiwa yamepoa kama nyuzi 7. Punguza iwe lita 50, yatapoa kama nyuzi 14. Unaona 14 ni kubwa kuliko 7 unafurahi, lakini joto lililotoka ni lile lile, na sasa ndani ya injini tofauti kati ya maji yanayoingia na yanayotoka imekuwa mara mbili. Silinda ya mwisho ndiyo inaumia. Maji kwenda haraka yanaiweka rejeta yote kwenye joto la juu, na rejeta yenye joto zaidi ndiyo inayotupa joto zaidi hewani.

Ila hesabu hiyo inampa mleta uzi kipimo. Pima joto la mpira wa juu na wa chini gari ikiwa kazini. Tofauti ikiwa kubwa, nyuzi 15 hadi 20, maji hayatembei vya kutosha: pampu, hewa, mpira uliobanwa. Tofauti ikiwa ndogo na yote mawili ni ya moto, maji yanatembea, upepo ndio haupiti rejetani.

#7 Mpenda_Mwendo
Hesabu nzuri dada, ila ukweli wa gereji unabaki pale pale: ukitoa themostati ukaacha wazi, gari inachemsha. Ukiweka kizuizi, inapoa. Nimeliona kwa macho yangu kwenye zaidi ya gari moja. Eleza hilo.

#8 Kipima_Joto
Mnaweza kuwa sahihi wote wawili. Kizuizi kikiwa kwenye tundu la kutokea, presha ya maji ndani ya bloki na hedi inapanda, kwa sababu pampu inasukuma dhidi yake. Presha ikipanda, maji hayachemki kirahisi kwenye kuta za chumba cha moto, vile vipovu vya mvuke vinavyoganda kwenye chuma na kuzuia maji kugusa. Kwa hiyo gari inapoa, lakini si kwa sababu maji "yamepata muda".

#9 DadaFizikia
Hilo la #8 nalikubali. La kupata muda silikubali hata kidogo.

#10 InjiniNyuma
Wakuu naomba nipite. Mimi nina Toyota MR2, injini nyuma, rejeta mbele, mabomba yanapita chini ya gari urefu wote. Nyie mnaogopa mgongo mmoja wa mpira! Kwetu kuna kizibo cha kutoa hewa kwenye rejeta na kingine kwenye heta. Unavalisha mpira mwembamba wa kuonea kwenye kila kizibo, unaupandisha juu kabisa, unajaza maji kwenye injini huku nyuma na kusubiri. Maji kwenye mpira yanapanda, yanasimama, halafu ghafla povu zito linapita, yanashuka tena. Ukidhani umemaliza, linakuja jingine.

Ninachosema ni kwamba hewa ni msumbufu kuliko mnavyodhani. Gari inaweza kukaa vizuri barabarani wiki nzima, ukiipeleka injini mizunguko ya juu, hewa iliyojificha inafika kwenye pampu, pampu inapiga povu, mtiririko unakatika.

#11 Bolti_Kumi (mleta uzi)
Asanteni. Majibu kwa mpigo: sensa ya geji iko mbele, kwenye shingo ya themostati. Intakula, ile rejeta ya kupoza hewa ya turbo, iko mbele ya rejeta ya maji, imefunika karibu theluthi mbili. Maji ni mchanganyiko wa nusu kwa nusu na kulanti (dawa ya kupozea). Joto la mipira sijapima, nitapima. Chini ya bampa ile plastiki ya kiwandani haipo, ilitolewa ili mabomba ya intakula yapite.

#12 FundiGeji
Sensa iko mbele! Basi 110 unayoiona ni ya upande wenye nafuu. Funga sensa ya pili pale tundu la heta, nyuma ya hedi. Hilo litamaliza ubishi kati yangu na #3 bila maneno.

Na jihadhari: sensa ikibaki mahali pasipopita maji baada ya kuhamisha, itakudanganya. Shingo ya mbele ukiiziba, sensa iliyoko pale inapima kona iliyotulia. Sensa yoyote iliyofungwa pale, iwe ya geji au ya kompyuta ya injini, lazima ihame na themostati. Na sensa ikikaa hewani badala ya majini inasoma chini, dashibodi inakuambia salama wakati hedi inaungua.

#13 Kimya_Kimya
Nimesoma kimya mpaka #11. Wakuu, jamaa ametoa plastiki ya chini na rejeta imefunikwa na intakula, bado mnajadili silinda ya nne?

Ile plastiki inalazimisha hewa iliyoingia mdomoni ipite kwenye rejeta. Ukiitoa, hewa inashuka chini ya gari, tena inakwenda kujaza eneo la injini kwa presha, na presha hiyo ya nyuma inazuia hata ile kidogo inayojaribu kupita rejetani. Rudisha plastiki, kata upya kama mabomba yanazuia. Ziba kila upenyo kati ya mdomo, intakula na rejeta kwa sponji ngumu na vipande vya alumini. Ukiweza kuingiza kiganja pembeni ya rejeta, hewa nayo inapita hapo hapo. Halafu fungua njia ya kutokea juu ya boneti, lakini mbele, karibu na rejeta. Usinyanyue boneti upande wa kioo, pale hewa ina presha, itaingia badala ya kutoka.

#14 Rotari13B
#13 umesema vizuri, lakini upepo hauelezi kwa nini maji hayarudi kutoka kwenye chupa. Soma tena #1.

#15 Gasketi_Moja
Hapo kwenye chupa ndipo nilipokuwa nangoja mtu afike. Maji yakitoka na kutorudi, kuna mambo matatu. Kwanza, ile valvu ndogo ya katikati ya mfuniko, inayofunguka kuruhusu maji kurudi, imekwama. Ivute kwa kucha, inatakiwa isogee na kurudi yenyewe. Pili, mpira wa chupa umepasuka au ncha yake haifiki chini ya maji, kwa hiyo injini inavuta hewa. Tatu, na hili ndilo silipendi: moshi wa mwako unavuka gasketi ya hedi kuingia kwenye maji. Gesi hiyo inajaa juu ya rejeta, inasukuma maji nje, na maji hayarudi kwa sababu nafasi yao imeshikwa na gesi.

Washa injini ikiwa baridi kabisa asubuhi, shika mpira wa juu. Ukiwa mgumu ndani ya dakika moja, kabla maji hayajapata moto, hiyo presha haikutoka kwenye joto.

#16 Bolti_Kumi (mleta uzi)
Gasketi nilishapima kwa ile dawa ya bluu inayogeuka njano ikikuta moshi. Imebaki bluu. Mpira asubuhi ni laini. Valvu ya mfuniko inasogea.

#17 Gasketi_Moja
Uliipima injini ikiwa inanguruma tu imesimama? Turbo hapo haijasukuma kitu. Kuna hedi zinazonyanyuka kidogo sana presha ya turbo ikiwa juu, boliti zinanyumbuka, gesi inapenya, ukiachia mguu inafunga. Ukipima gereji, bluu safi. Pima mara tu unapotoka uwanjani, mfumo ukishapoa kiasi cha kufunguka salama. Mfuniko usiufungue ukiwa moto kwa hali yoyote. Maji ya nyuzi 110 yakikosa presha yanageuka mvuke hapo hapo usoni.

#18 DadaFizikia
Naongezea maelezo ya nne ya chupa, yasiyohitaji gasketi mbovu. Kwa mfuniko wa 0.9 bar maji matupu yanachemka karibu na 118, kwa kulanti nusu kwa nusu juu zaidi kidogo. Geji yako ya mbele inasema 110. Ukizima, pampu inasimama, lakini chuma cha hedi na turbo bado ni cha moto sana. Maji yaliyotulia kandokando yake yanapanda haraka, yanachemka sehemu ndogo ndogo, mvuke unasukuma maji nje. Kwa hiyo usizime ghafla. Zunguka taratibu kwanza, kisha iache ingurume.

Jambo jingine: kulanti nusu kwa nusu inabeba joto pungufu kuliko maji matupu, takriban kilojuli 3.5 dhidi ya 4.18 kwa kila kilo na nyuzi. Uwanjani wengi wanatumia maji yaliyosafishwa pamoja na dawa ya kuzuia kutu. Viwanja vingine vinakataza kulanti kabisa kwa sababu ikimwagika inateleza.

#19 Mpenda_Mwendo
Dada kumbe unajua na mambo ya uwanjani, si ubao tu 😄 Ila mfuniko wa 1.3 bar ungempeleka zaidi ya 120 bila shida.

#20 Rotari13B
Ungempeleka, pamoja na mipira yake ya zamani na tanki za plastiki za heta. Presha inaongeza muda kabla ya kuchemka, haipozi kitu. Na ukiweka tanki la presha, mfuniko wenye valvu uwe mmoja tu. Mdomo wa rejeta uwekewe mfuniko uliozibwa kabisa. Mifuniko miwili yenye valvu, ile dhaifu ndiyo inatawala, na mara nyingi ndiyo iliyo mahali pabaya.

Kwa ukubwa wa tanki: maji yanavimba karibu 4% kutoka baridi hadi nyuzi 100, kulanti zaidi kidogo. Mfumo wa MX-5 ni kama lita 6. Mpira wenye kipenyo cha ndani cha milimita 32 na urefu wa mita moja unaongeza lita 0.8. Sema lita 7, kuvimba ni kama lita 0.3. Tanki la lita moja na nusu, lijazwe nusu likiwa baridi, linatosha na hewa inabaki juu.

#21 FundiGeji
Rotari yuko sawa kwenye tanki. Naongezea njia zake. Kutoka chini ya tanki, mpira wa milimita 19 uende moja kwa moja upande wa pampu unaovuta, kwa kiungo cha T karibu na pampu iwezekanavyo. Huo ndio unaipa pampu presha ya kuingilia isipige povu. Kutoka sehemu za juu, yaani nyuma ya hedi na kona ya juu ya rejeta, vimpira vyembamba vya milimita 5 au 6 vipande mfululizo hadi juu ya tanki, bila kushuka popote njiani.

#22 Kipima_Joto
Na hivyo vimpira viwekewe tundu dogo la milimita moja na nusu hivi. Vikiwa wazi vinapitisha maji ya moto mengi yanayoruka rejeta na kurudi kwenye pampu. Nimeiona gari ambayo kosa lake lilikuwa hilo tu.

#23 InjiniNyuma
Milimita moja na nusu inaziba kwa uchafu mmoja wa gasketi ya maji, ile gundi ya kuzibia. Mimi naacha mbili na nusu.

#24 MkataMpira
Mnazungumzia njia, hakuna aliyezungumzia mpira wenyewe. Ukitoka nyuma ya hedi una pande mbili: upande wa kuvutia hewa, ambako nafasi ni finyu lakini baridi, na upande wa ekzosi ambako sasa kuna turbo. Nenda upande wa baridi hata kama utahangaika na kona. Ukilazimika kupita karibu na turbo, tumia bomba la chuma sehemu hiyo, na kinga ya joto kati yao.

Bomba la alumini lipigwe ukingo wa kunyanyuka mwishoni, vinginevyo mpira utachomoka presha ikipanda. Mipira ya silikoni haitaki klampu za matundu, zile zenye meno yanayokata. Tafuta zenye ukanda laini ndani, au zile za springi zinazofuata mpira ukivimba na kusinyaa. Ukiona unga mweupe au wa rangi ya kulanti umeganda pembeni ya klampu, pale pamevuja gari ikiwa baridi. Mpira wa chini, upande wa pampu inayovuta, uwe na springi ya ndani. Mpira laini ukivutwa injini ikiwa kwenye mizunguko 6000 kwa dakika unajibana katikati, ukisimamisha gari unarudi mzima, na utatafuta ugonjwa usiouona.

Injini inatikisika kwenye mipira inayoibeba, ukuta wa kabati hautikisiki. Acha kona laini kati yao.

#25 Mpenda_Mwendo
Heta ameitoa? Maana ukihamisha themostati nyuma na heta haipo, maji ya moto hayafiki kwenye themostati mpaka ifunguke, na haifunguki mpaka yafike.

#26 FundiGeji
Swali zuri sana hilo #25. Lazima pabaki njia ndogo ya kuzungukia: heta, au mpira mwembamba kati ya nyumba ya themostati na upande wa pampu. Tundu dogo kwenye themostati linasaidia pia, likae juu, saa sita, hewa ipite.

#27 Bolti_Kumi (mleta uzi)
Heta ipo na itabaki. Nimeamua: sensa ya nyuma na vipimo vya mipira kwanza, kisha plastiki ya chini na sponji, niende uwanjani nipime dawa ya bluu pale pale. Mabomba ya nyuma ya hedi nimeshayaagiza, yatasubiri.

#28 Kimya_Kimya
Ukirudisha plastiki utakuta 98 na mabomba hayo utayauza.

#29 FundiGeji
Atakuta 98 mbele. Sensa ya nyuma ndiyo naisubiri. Ikizidi mbele kwa nyuzi 10 turbo ikiwa kazini, mabomba yafungwe.

#30 Gasketi_Moja
Na boliti za hedi? Bado ni za kiwandani?

#31 Bolti_Kumi (mleta uzi)
Za kiwandani, ndiyo.

#32 Gasketi_Moja
Basi presha ya turbo uishushe kwenye safari hiyo moja. Maji yakirudi yote kutoka kwenye chupa, utajua pa kuanzia.

#33 Rotari13B
Na tanki pia lisubiri? Pima kwanza urefu wa nafasi chini ya boneti karibu na ukuta wa kabati, kabla hujaagiza lililo refu kupita kiasi.